Wafo za Asubuhi ya Jumapili Mjini Tanga, Pamoja na Matunda ya Kila Msimu

Mara ya kwanza nilipompelekea shangazi yangu wa Makorora wafo iliyotoka kwenye mashine, aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza upande huu na upande ule, akavitazama vishimo vyake vya mraba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki si kitumbua kilichopigwa pasi?" Nilicheka, lakini kadiri nilivyoendelea kupika ndivyo nilivyozidi kuona kwamba shangazi hakuwa mbali na ukweli. Unga, mayai, tui, iliki na samli ni vitu ambavyo jiko la Tanga limevizoea tangu zamani, na mkono uliozoea kupima uzito wa mchanganyiko wa vitumbua au wa mkate wa kumimina hautapata shida na mchanganyiko wa wafo. Kilicho kigeni ni chuma chenye pande mbili kinachoubana mchanganyiko huo na kuuoka juu na chini kwa wakati mmoja, hadi unatoka ukiwa mkavu nje, laini ndani, na wenye vishimo vya kushikia chochote utakachomimina juu yake.

Ugumu wa wafo kwetu hauko katika kuchanganya, uko hewani. Maelekezo mengi ya chakula hiki yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hewa ya jikoni ni kavu na wafo hukaa mezani dakika kumi bila kulegea. Tanga iko ukingoni mwa bahari, na unyevu wake unaufahamu vizuri ukiacha biskuti wazi usiku mmoja: asubuhi zinakunjika kama kitambaa. Wafo iliyotoka kwenye chuma ikiwa inavunjika kwa mlio inaweza kulegea kabla hujamaliza kumimina chai vikombeni. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini, kuanzia aina ya unga hadi namna ya kukata embe, inalenga jambo moja, nalo ni kuutoa mvuke ndani ya wafo na kuzuia maji ya matunda yasiurudishe.

Mashine

Mashine nyingi za umeme za matumizi ya nyumbani hutumia kati ya wati 700 na 1,000. Mashine ya wati 1,000 ikifanya kazi nusu saa mfululizo hula nusu uniti ya LUKU, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha yenyewe ili kulinda joto, matumizi halisi huwa chini ya hapo. Kwa hiyo gharama ya umeme isimtishe mtu. La kuangalia kwa makini zaidi ni volti. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, ilhali wa Marekani ni wa volti 120, na vyombo vinavyoletwa kama zawadi na ndugu walioko huko, au vinavyouzwa vikiwa vimetumika, huungua mara vinapochomekwa ukutani bila transfoma. Geuza mashine chini usome kibandiko chake kabla ya kulipa. Kama kimeandikwa 220–240, hakuna tatizo.

Kuna mashine zenye vishimo vya kina kirefu, zinazotoa wafo nene za mtindo wa Ubelgiji, na kuna zenye vishimo vya kina kifupi. Picha nyingi tunazozitamani ni za wafo nene, na ni kweli kwamba vishimo vyake hubeba shira nyingi zaidi. Hata hivyo, kwa hali ya hewa ya pwani mimi napendelea zile nyembamba, kwa sababu mvuke hupata njia fupi ya kutokea na ukavu hufika hadi katikati. Kwa nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara, chuma cha kuwekwa juu ya jiko la gesi bado kinapatikana, na kina historia ndefu kuliko hiki cha umeme: Cornelius Swartwout wa Troy, New York, alipata hataza ya maboresho ya chuma cha wafo tarehe 24 Agosti 1869, wakati ambapo hakuna nyumba iliyokuwa na soketi ukutani. Chuma cha namna hiyo hupashwa moto pande zote mbili kabla ya kumimina, na hugeuzwa katikati ya kuoka.

Vipimo

Vipimo vinavyofuata hutoa wafo 6 hadi 8 za ukubwa wa kawaida, zinazowatosha watu wanne ambao hawajala kitu tangu jana usiku. Utahitaji gramu 200 za unga wa ngano na gramu 50 za unga wa mchele. Kama huna mizani, chukua kikombe cha mililita 250, ujaze kimoja na nusu na kidogo cha unga wa ngano, kisha theluthi moja ya kikombe hicho cha unga wa mchele. Ongeza vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya sukari, na mbegu za iliki sita zilizotwangwa punde hiyo hiyo. Upande wa vitu vya majimaji ni mayai mawili, mililita 250 za maziwa, mililita 100 za tui zito, na mililita 60 za samli au mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa.

Unga wa mchele umo humu kwa sababu maalumu. Unga wa ngano peke yake hufanya utando unaovutika, ambao ni mzuri kwa chapati lakini huifanya wafo iwe kama mkate wa jana. Unga wa mchele hauna utando huo, na ukioka juu ya chuma cha moto hukauka na kuwa na mlio, kama ule ukingo wa kahawia wa kitumbua ambao watoto huugombania. Usizidishe hata hivyo, maana ukipita robo ya unga wote wafo itaanza kumeng'enyeka mkononi. Sukari nayo husaidia kukausha na kutia rangi, lakini ikizidi huungua kabla ndani hakujaiva na kuishikilia wafo kwenye chuma. Utamu zaidi utatoka kwa matunda.

Maziwa Tanga si tatizo. Ya Tanga Fresh yanapatikana karibu kila duka, na wengi wetu tuna mama wa mtaani anayeleta ya asubuhi mlangoni. Haya ya mlangoni yachemshwe kwanza na yaachwe yapoe. Tui lililo bora ni la nazi iliyokunwa kwa mbuzi asubuhi hiyo hiyo, ikakamuliwa kwa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na kuchujwa kwa kifumbu au chujio. Nazi moja iliyokomaa hutoa tui la kwanza la kutosha, na machicha usiyatupe, kwani tutayarudia. Tui la kopo linafaa pia, ila tikisa kopo vizuri kwanza.

Kuchanganya

Kabla ya yote, toa maziwa na mayai kwenye friji walau nusu saa mapema. Wapishi wengi hudharau jambo hili kisha wakashangaa kuona vipande vyeupe vikielea kwenye bakuli. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na samli nayo hushikana, kwa hiyo ukiyamimina juu ya maziwa yaliyotoka kwenye baridi yataganda papo hapo na hayatasambaa tena, nawe utapata wafo yenye mabaka ya mafuta sehemu moja na ukavu wa vumbi sehemu nyingine.

Chekecha unga wote pamoja na bekingi pauda, chumvi, sukari na iliki kwenye bakuli kubwa. Tenga viini vya mayai na ute wake katika bakuli mbili. Bakuli la ute liwe safi kabisa, bila tone la mafuta wala la kiini, vinginevyo ute hautaumuka hata ukipiga hadi adhuhuri. Koroga viini pamoja na maziwa, tui na samli iliyoyeyushwa, kisha fanya kishimo katikati ya unga na umimine humo. Changanya kwa mwiko, mizunguko kumi na tano au ishirini, uache mara tu unga mkavu unapokuwa hauonekani. Madonge madogo yakibaki yasikusumbue, yatayeyuka yenyewe. Anayekoroga hadi mchanganyiko ulainike kama uji wa mgonjwa anauamsha ule utando wa ngano tuliokuwa tunaukwepa. Uache upumzike dakika 10, muda ambao unga wa mchele hunywa majimaji na kuvimba. Baada ya hapo ukiinua mwiko, mchanganyiko unapaswa kuteremka kwa mkanda mzito usiokatika, mzito kidogo kuliko wa vitumbua. Ukiwa mzito mno, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Wakati mchanganyiko unapumzika, washa mashine, kisha piga ute wa mayai hadi usimame na kufanya vilele laini. Ingiza ute huo kwenye mchanganyiko kwa mafungu mawili, ukiupitisha mwiko chini na kuukunja juu kwa upole, bila kukoroga. Michirizi myeupe ikionekana hapa na pale ni dalili njema. Hewa iliyomo katika ute ndiyo itakayopanuka ndani ya chuma na kufungua njia za mvuke. Ukiupiga mchanganyiko baada ya kuutia ute, umeitoa hewa yote uliyoihangaikia.

Kuoka

Taa ya mashine ikionyesha kwamba joto limefika, usiiamini mara moja. Subiri dakika mbili tatu zaidi, kisha dondosha tone la maji juu ya chuma: likikimbia huku na huko na kutoweka, chuma kiko tayari, likituama na kuchemka taratibu, bado. Paka samli kidogo kwa brashi hata kama mashine ni ya kutoshika, ukihakikisha brashi inafika kwenye kona za vishimo.

Mimina upawa mmoja katikati, usiusukume hadi kingoni, kwa sababu kifuniko kikishuka kitausambaza chenyewe. Funga. Kuanzia hapa mikono ikae mbali na macho yafanye kazi. Katika dakika ya kwanza mvuke hutoka pembeni kwa nguvu, mweupe na mzito, na mchanganyiko husikika ukinong'ona kama vitunguu vinavyoanza kukaangwa. Dakika ya pili na ya tatu mvuke unaendelea, na harufu bado ni ya unga na tui. Ukifungua sasa, wafo itapasuka katikati, nusu ikabaki juu na nusu chini, na utakuwa na kazi ya kukwangua kwa njiti. Karibu na dakika ya nne mvuke huanza kupungua na kuwa mwembamba, harufu hugeuka kuwa ya samli na iliki iliyoungua kidogo, na mnong'ono hufifia. Mvuke unapobaki uzi mmoja tu unaotokea upande wa nyuma, inua kifuniko taratibu. Kikiinuka bila kubisha, wafo imeiva. Kikibisha, kishushe na usubiri nusu dakika. Kwa mashine nyingi jumla huwa dakika 4 hadi 6, lakini mimi nimeacha kutazama saa muda mrefu, nautazama mvuke.

Toa wafo kwa mwiko wa mti au kijiti cha mishikaki. Kisu na uma vya chuma vikigusa ule utando wa kutoshika mara moja tu, kila wafo itakayofuata itanasa pale pale palipochunika. Wafo ya kwanza mara nyingi huwa na rangi ya mabaka kwa sababu chuma bado hakijasawazisha joto na mafuta. Hiyo ni ya mpishi, huliwa jikoni kwa kusimama.

Sasa umefika mahali ambapo jitihada yote huharibika. Mazoea yetu yanatuambia chakula cha moto kiwekwe kwenye hotipoti, na kwa chapati mazoea hayo ni sahihi, maana chapati tunaitaka laini. Wafo ikiingia kwenye hotipoti hutoa mvuke uliosalia, mvuke huo hukosa pa kwenda, hugeuka maji chini ya kifuniko na kuidondokea wafo yenyewe. Baada ya dakika tano una kitu chenye umbo la wafo na ulegevu wa sponji. Usizipange moja juu ya nyingine pia. Ziweke kwenye wavu wa waya, zikiwa zimesimama au zimelala bila kugusana, na kama nzi wanasumbua zifunike kwa kawa. Kile kifuniko cha ukindu ambacho bibi zetu walifunikia sinia hupitisha hewa na huzuia nzi, na kwa kazi hii sijapata chombo kinachokishinda, cha dukani wala cha kuagizwa. Mwenye oveni anaweza kuzipanga humo kwa joto la nyuzi 100, mlango ukiwa wazi kidogo.

Matunda kwa msimu

Matunda na shira vyote huwekwa mezani katika bakuli zake, na kila mtu humimina juu ya wafo yake anapokuwa tayari kula. Mpishi anayepamba sahani zote jikoni ili zipendeze kwa picha atawapelekea wageni wake wafo zilizolowa.

Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni miezi ya embe, na kwa wafo embe dodo lililoiva bila kulegea ndilo linalofaa. Lina nyama nyingi na nyuzi chache, na utamu wake una uchachu kidogo ndani yake. Kata mashavu mawili ya embe, chora nyama kwa kisu upate vipande vidogo vya mraba vinavyoweza kuingia kwenye vishimo vya wafo, vinyunyizie chumvi kidogo sana na kijiko cha chai cha maji ya ndimu, kisha viache kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika 10. Chumvi itavuta maji nje. Maji hayo yachemshe na kijiko kimoja cha sukari kwenye sufuria ndogo hadi yawe mazito kama asali, yapoze, uyarudishe juu ya vipande. Hivyo ladha yote ya embe imebaki na maji yake yameondoka. Hii ndiyo kanuni ninayoitumia kwa kila tunda lenye majimaji.

Katika miezi hiyo hiyo nanasi huwa tele, yakiwemo yale yanayotoka Kiwangwa, wilaya ya Bagamoyo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, na ndiyo sababu ulimi huwasha ukilila kwa wingi na mtindi uliochanganywa nalo huwa mchungu na mwepesi baada ya muda. Joto hukiua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo kata nanasi vipande vyembamba, uvikaange kwenye kikaango kikavu pamoja na sukari guru iliyoparwa hadi kingo zigeuke kahawia, na hapo unaweza kuviweka pamoja na mtindi bila wasiwasi.

Mabasi yanayoshuka kutoka Lushoto kupitia Mombo, Korogwe na Muheza huleta wakati huo matunda ya baridi ambayo pwani hayaoti, hasa plamu na pea. Plamu kata nusu, toa kokwa, chemsha taratibu kwa maji kidogo, sukari, na kijiti cha mdalasini kutoka milima ya Amani hadi ngozi ianze kujikunja. Uchachu wake na tui lililomo ndani ya wafo hupatana sana. Pea ni tamu lakini, kusema kweli, juu ya wafo hupotea.

Masika yanapofika, sokoni Mgandini matunda hupungua na unyevu hufika kileleni, na ndiyo majira magumu kuliko yote kwa chakula hiki. Punguza tui hadi mililita 50, ongeza maziwa badala yake, na uoke dakika moja zaidi. Juu yake tumia ndizi kisukari, ambazo hazina msimu wala majimaji: zimenye, zipasue kwa urefu, zikaange kwa samli kijiko kimoja upande wa ndani kwanza hadi zipate rangi ya dhahabu, kisha zinyunyizie iliki. Yale machicha ya nazi uliyoyahifadhi yakaange kwenye kikaango kikavu, ukikoroga bila kuacha, hadi yakauke na kunukia, uyamwage juu ya ndizi. Malizia kwa asali. Ya Handeni ni nzito na nyeusi kidogo, na inatosha kijiko kimoja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kuonjeshwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia.

Kisha huja kusi, na pamoja nalo machungwa ya Muheza, ambayo kwangu ndiyo sababu hasa ya kuwa na mashine ya wafo. Mgeni huyaona ya kijani akadhani hayajaiva. Chungwa hupata rangi yake ya manjano linapopigwa na baridi ya usiku, na usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha, hivyo chungwa letu huiva na kujaa sukari likiwa bado na ganda la kijani. Lichague kwa uzito: lililo zito kuliko linavyoonekana ndilo lenye maji. Chukua manane. Kabla ya kuyamenya, para ganda la juu la moja, sehemu ya kijani tu bila ile nyeupe iliyo chungu, uchanganye mparo huo na unga wa wafo. Mawili yamenye hadi nyama, kisha kwa kisu chembamba toa kila pande kutoka katikati ya ngozi zake, ubaki na nyama tupu. Sita zilizobaki zikamue upate karibu nusu lita, uchuje, uweke kwenye sufuria pana na gramu 100 za sukari, uchemshe kwa moto wa wastani bila kufunika. Dakika ishirini hivi baadaye shira itakuwa imebaki theluthi, na mapovu yake yatakuwa makubwa na mazito. Tone lililodondoshwa kwenye sahani baridi likitembea pole pole badala ya kukimbia, epua, maana likipoa litazidi kuwa zito. Wapikaji wa kaimati wanaijua hatua hii kwa jicho. Machenza hutengenezwa vivyo hivyo, ila shira yake ni tamu zaidi, kwa hiyo ongeza ndimu.

Kuhusu krimu iliyopigwa ambayo picha za ughaibuni huionyesha, joto letu huiyeyusha kabla haijafika mezani. Badala yake, usiku wa Jumamosi funga mtindi usio na sukari kwenye kitambaa safi cha pamba, uuweke kwenye chujio juu ya bakuli ndani ya friji. Asubuhi maji yametuama chini na juu umebaki mtindi mzito unaosimama kijikoni. Uchanganye na kijiko cha sukari ya unga au uuache na uchachu wake, ambao mbele ya shira ya machungwa nauona bora.

Na kwa kuwa Tanga ni Tanga, siku moja jaribu kupika wafo bila sukari na bila iliki, ukaongeza chumvi kidogo, uzile kwa mbaazi za nazi. Vishimo hushika tui la mbaazi kuliko mahamri yanavyoweza. Shangazi, aliyezikataa za embe, alikula tatu.

Kwa anayetaka kutumia hamira

Wafo za hamira zina ladha ya mkate na harufu nzuri zaidi, na maelekezo mengi husema mchanganyiko ulale usiku kucha mezani. Nilifuata maelekezo hayo neno kwa neno, na alfajiri nikakuta mchanganyiko umepanda, umekinyanyua kifuniko, umeteremka ubavuni mwa bakuli, na umefika hadi kwenye droo ya vijiko, ukinuka kama togwa ya juzi. Usiku wa huko yalikoandikwa maelekezo si usiku wa Ngamiani. Hapa weka robo kijiko cha chai cha hamira badala ya bekingi pauda yote, changanya kila kitu isipokuwa ute wa mayai, acha nje nusu saa tu, kisha uingize kwenye friji hadi asubuhi katika bakuli lenye nafasi mara mbili ya mchanganyiko. Ute hifadhi pembeni, uupige na kuuingiza kabla ya kuoka. Kama umeme ni wa kubahatisha wikendi hiyo, rudi kwenye bekingi pauda.

Baada ya kula

Wafo zilizobaki zipoze kabisa kwenye wavu, zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uzigandishe. Zikitakiwa, zirudishe kwenye mashine ya moto dakika moja na nusu zikiwa bado zimeganda. Maikrowevu huzilegeza, usiitumie.

Mashine iachwe wazi hadi ipoe. Usiizamishe majini kamwe wala usiimwagie maji kwenye bomba. Futa mafuta kwa karatasi, kisha kwa kitambaa chenye unyevu, na kwa mswaki mkavu wa zamani pitisha kwenye kila kona ya vishimo. Chembe moja ya sukari iliyosahauliwa humo huwaita sisimizi, na ukiwasha mashine Jumapili inayofuata bila kuitazama, ndio watakaokuwa wa kwanza kuokwa.